Mota Iliungua: Nani Alipe?

Nyuma ya nyumba yangu, huku Temeke, Dar es Salaam, kuna banda la bati ambamo nimeweka mashine ya kuchonga chuma. Si mashine ya kusaga nafaka, kama wageni wengi wanavyodhani wanaposikia mlio wake. Hii ni ile ambayo kipande cha chuma hubanwa kwenye jiliwa juu ya meza, kisu chenye meno kikazunguka, na meza ikasogezwa polepole mpaka chuma kikapata umbo linalotakiwa. Niliinunua kuukuu nilipostaafu ualimu wa ufundi. Ilitengenezwa Uingereza miaka mingi iliyopita, nayo ni nzito kiasi kwamba vijana wanane walitoka jasho kuiingiza bandani. Kazi yake kubwa ni kuchonga njia za kii kwenye shafti za mashine za unga, pamoja na vipuri ambavyo dukani havipatikani tena.

Mwaka 2011 mota ya mashine hiyo iliungua. Nikaibadili, kazi ikaendelea. Jambo lenyewe ni dogo, wala nisingelipotezea karatasi kama si swali lililoniachia, ambalo mpaka leo sijalimaliza. Swali ni hili: mtu akimwadhibu mwenzake kwa kosa ambalo baadaye linaonekana si la yule aliyeadhibiwa, je, kurudisha alichomtoza kunatosha? Na je, kusema "sikujua" ni utetezi?

Wakati huo nilikuwa na kijana mmoja aliyekuwa akijifunza kazi kwangu. Jina lake silitaji, kwani nilikwisha kulitumia vibaya mara moja. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu, msikivu, mwenye mkono mwepesi, na kila mwezi alikuwa akidunduliza sehemu ya ujira wake ili alipe ada ya mtihani wa ufundi. Mchana mmoja nilikuwa sebuleni nikila. Niliposikia harufu, nilijua kabla ya kufika. Ndugu msomaji, kama umewahi kunusa mota inayoungua huwezi kuisahau harufu hiyo. Ni vanishi ya kwenye waya wa shaba inapogeuka kuwa moshi, harufu kali inayokaa puani siku mbili.

Nilimkuta amesimama, mkono ungali kwenye swichi, moshi ukitoka chini ya mashine. Shafti ilikuwa bado kwenye jiliwa na kisu kimo ndani ya chuma.

"Umeilazimisha," nikamwambia. Wala sikuuliza.

"Hapana, mzee. Ilikuwa inakata vizuri, mara mlio ukabadilika, ikaanza kuunguruma. Nimezima nilipoona moshi."

"Umeingiza kisu kirefu ili umalize haraka. Vijana ninyi nawajua."

Akarudia kusema hapana, kisha akanyamaza. Kunyamaza kwake nikakuhesabu kuwa ni kukiri.

Nilinunua mota nyingine kuukuu kwa shilingi 300,000. Nikaamua kwamba nusu ya fedha hizo atalipa yeye, shilingi 50,000 kila mwezi kwa miezi mitatu. Niliona nimefanya hisani, kwani wapo ambao wangemdai zote. Kuibadili mota nilikufanya mwenyewe, tena kwa uangalifu mkubwa. Nilisoma kibao chake: fezi tatu, kilowati 1.5, ampea 3.5 kwa volti 400, mizunguko ipatayo 1,400 kwa dakika, sawasawa na ile ya zamani. Nikapima shafti, milimita 24. Nikapima kimo kutoka kwenye miguu hadi katikati ya shafti, milimita 90. Nikahakikisha matundu ya bolti yanaoana na ya mwanzo. Nikahamisha kapi, nikavalisha mkanda, nikaupima kwa kidole usiwe umelegea wala kukaza mno. Nilipowasha, kisu kikazunguka kinyume. Nikazima, nikabadilishana nyaya mbili kati ya zile tatu, nikawasha tena, kikazunguka inavyopasa. Jioni ile nilijisikia fundi kamili. Nilikuwa nimekagua kila kitu isipokuwa sababu ya mota ya kwanza kuungua. Sababu nilidhani ninayo tayari, tena ilikuwa imesimama pembeni ikinishikia spana.

Kijana alilipa miezi yote mitatu. Ada ya mtihani hakuweza tena kuitimiza, na mwaka ule akaukosa mtihani. Baada ya mwezi wa tatu aliniaga kwa adabu akaondoka. Alikwenda kuomba kazi katika karakana moja maeneo ya Gerezani, ambayo mwenyewe ni rafiki yangu. Rafiki huyo akaniuliza, "Huyu kijana vipi?" Nikamjibu, "Kazi anaijua, lakini aliniunguzia mota." Hakumchukua. Wateja wangu nao walipouliza mbona kazi zao zilichelewa, nilikuwa nikiwapa jibu hilo hilo, na kila mara nililitoa bila ya kusita.

Miezi miwili baada ya kijana kuondoka, asubuhi moja niliwasha mashine ikakataa kuzunguka. Ikawa inaguna tu. Nikazima, nikawasha tena, ikaenda. Kesho yake hali ikawa ile ile. Hapo nikakumbuka jambo ambalo nilikuwa nimelisahau kabisa, au niseme kwa haki, nilikuwa nimeliweka mahali nisipoliona. Wiki moja kabla ya mota kuungua, yule kijana alinijia akasema, "Mzee, mashine siku hizi inaguna ikiwashwa." Nami nilimjibu kwa mzaha, "Mashine ya zamani hiyo, hata mimi nikiamka asubuhi naguna." Tukacheka wote wawili, akarudi kazini.

Hata hivyo nilijipa moyo. Nilidhani nimeuziwa mota mbovu, nikaichukua ile iliyoungua, ambayo ilikuwa imelala kwenye kona ya banda, nikaipeleka kwa fundi wa kusuka mota ili iwe ya akiba. Fundi yule, mtu wa makamo, alifungua bolti nne za mfuniko, akautoa, akachungulia ndani. Hakuchukua hata dakika kumi.

"Mzee, hii haikuzidiwa kazi," akasema. "Hii ilikosa fezi moja."

Nikamuuliza amejuaje. Akaniinamishia mota nione. Ndani yake waya wa shaba umesukwa kwa mafungu matatu yanayozunguka duara, kila fungu likilishwa na fezi yake. Mafungu mawili yalikuwa meusi kama mkaa. La tatu lilikuwa safi, vanishi yake inang'aa kama siku ilipotoka kiwandani.

"Ingezidiwa kazi, yangeungua yote matatu," akasema. "Fezi moja ikikatika mota imo katika mwendo, haisimami. Inaendelea kuzunguka kwa fezi mbili zilizobaki, na hizo ndizo zinazoungua."

Mambo haya nimeyafundisha darasani. Kwa mzigo ule ule, umeme katika fezi mbili zilizobaki hupanda hadi takriban mara 1.7. Na kwa kuwa joto hupanda kwa mraba wa umeme, mafungu hayo hupata joto karibu mara tatu ya lililokadiriwa. Na kama fezi imekatika mota ikiwa imesimama, haiwezi kuanza kuzunguka, itaguna tu. Haya yote niliyajua. Nilichokuwa sijafanya ni kufungua bolti nne.

Kisha fundi akaniuliza swali ambalo sikulijibu: "Ovaloadi yako umeiweka kwenye ngapi?"

Kwa wasioijua, ovaloadi ni kifaa kidogo ndani ya boksi la swichi. Kazi yake ni kuhisi umeme unapozidi kiasi na kuzima mashine kabla mota haijadhurika. Kina kidude cha kuzungusha, na mwenye mashine hukiweka kwenye kiwango kilichoandikwa kwenye kibao cha mota. Changu kilipasa kuwa kwenye 3.5. Lakini mwanzoni mwa mwaka ule kilikuwa kikizima mashine mara kwa mara, kazi zikawa zinakatika, wateja wananingoja. Kwa hiyo nilifungua boksi nikakizungusha hadi 6. Baada ya hapo hakikunisumbua tena. Nilirudi nyumbani, nikafungua boksi, nikakikuta pale pale kwenye 6. Nikafungua kontakta, yaani kile kifaa kinachounganisha fezi zote tatu unapobonyeza swichi. Midomo miwili ya shaba ilikuwa mizima. Wa tatu ulikuwa umeliwa, umekuwa mweusi, unashika ukipenda na kuachia ukipenda. Kumbe ovaloadi ilipokuwa ikizima mashine ilikuwa ikiniambia habari ya mdomo huo. Niliinyamazisha, na kijana aliponieleza kwa maneno nikamchekesha.

Hapo ndipo swali langu linapoanza.

Nilimsimulia rafiki mmoja tuliyefundisha naye. Akaniambia nisijisumbue. "Ulihukumu kwa ulichokijua siku ile," akasema. "Kijana alikuwa peke yake kwenye mashine, mashine imeungua mikononi mwake. Yeyote angedhani ulivyodhani. Hukujua, na asiyejua hana kosa." Maneno hayo ni mazuri, nami niliyashika kwa siku kadhaa kama mtu anavyoshika blanketi usiku wa baridi. Ni kweli kwamba binadamu hahukumu kwa elimu ya malaika. Tungengoja mpaka tujue yote, hakuna baba ambaye angemwonya mwanawe wala hakimu ambaye angemaliza kesi.

Lakini kuna kutojua kwa namna mbili. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, katika maandishi yake juu ya maadili anataja kwamba watunga sheria walikuwa wakimpa adhabu maradufu mtu aliyefanya kosa akiwa amelewa. Mlevi hakujua alitendalo, ndiyo. Lakini ilikuwa katika uwezo wake kutolewa, na ulevi ndio uliomfanya asijue. Vivyo hivyo, anasema, kwa wale ambao hawakujua kwa uzembe, ilhali walikuwa na uwezo wa kuangalia. Niliposoma maneno hayo nilijiona mle. Mimi sikuwa nimekunywa kitu, lakini nilikuwa nimelewa uzee wangu na cheo changu cha ualimu. Kutokujua kwangu kulikuwa na bei ya bolti nne na dakika kumi, nami sikutaka kuilipa.

Kwa nini sikutaka? Nimejiuliza hivyo mara nyingi, na jibu ninalolipata halipendezi. Jibu nililokuwa nalo lilinifaa. Lilinipunguzia gharama kwa shilingi 150,000, lilinipa la kuwaambia wateja, na lilimwacha mzee wa banda akiwa safi. Mtu ambaye jibu linamfaa haendi kulikagua. Wahenga walisema nyani haoni kundule, nasi huitumia methali hii kana kwamba nyani ana bahati mbaya tu ya maumbile. Nadhani kuna nyani ambao wangeweza kugeuka wakaona, ila wamekwisha kupata mwingine wa kumcheka.

Kuna jambo jingine baya zaidi. Ushahidi wote wa kumtetea yule kijana ulikuwa ndani ya boksi la swichi, na ufunguo wa boksi nilikuwa nao mimi. Niliuweka mfukoni kwa sababu za usalama, ili wanafunzi wasichezee umeme. Kwa hiyo aliyekosea, aliyeshitaki, aliyehukumu na aliyeshika ushahidi, wote walikuwa mtu mmoja, na mtuhumiwa hakuwa na kitu ila neno lake. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, tunasema. Lakini mnyonge haki yake mara nyingi imefungiwa mahali ambapo yeye hana ufunguo. Mwenye ufunguo asipofungua kwa hiari yake, hakuna atakayefungua. Ndiyo maana naona kwamba kadiri mtu anavyokuwa na madaraka juu ya mwenzake, ndivyo neno "sikujua" linavyopungua uzito kinywani mwake.

Basi nikakubali kwamba nina deni. Lakini deni kiasi gani? Fedha nilizihesabu mara moja: shilingi 150,000. Rafiki yangu akashauri nimtumie kwa simu, kimya kimya, na ujumbe mfupi wa kumtakia heri. "Mzee hapigi magoti mbele ya kijana," akasema. "Ukivunja heshima yako, hata hawa wengine hawatakusikiliza." Nakiri kwamba ushauri huo ulinivutia, na namba yake nilikuwa nayo.

Kilichonizuia ni kwamba fedha zilikuwa sehemu ndogo. Nilikuwa nimemtoza vitu vitatu: fedha, mwaka mmoja wa mtihani, na jina. Fedha ni kama mota. Unaondoa iliyoungua, unaweka nyingine yenye kibao kile kile, mashine haioni tofauti. Mwaka haurudi. Na jina lilichafuliwa kwa maneno, mbele ya watu, kwa hiyo halingeweza kusafishwa kwa ujumbe wa simu usioonwa na mtu. Huku pwani tumelelewa katika mafunzo kwamba kosa kati yako na Mola wako unatubia kwake, lakini haki ya mja mwenzio haikutoki mpaka umrudishie au akusamehe. Ningetuma fedha kimya kimya, ningekuwa nimenunua ukimya wangu kwa shilingi 150,000.

Nilimkuta Mbagala, kwenye banda la kuchomelea mageti. Alipoiona sura yangu alizima mashine, akaweka chini miwani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Nikamwambia mbele ya wenzake na mbele ya tajiri wake: mota ile hukuiunguza wewe. Iliungua kwa kontakta mbovu, na kwa ovaloadi niliyoiharibu mimi kwa mkono wangu. Nikampa fedha.

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Nilikuambia, mzee, kwamba inaguna."

"Uliniambia."

Akazihesabu zile fedha, akazitia mfukoni. Nikamwomba radhi. "Nimekusikia, mzee," akajibu. Nikamwuliza kama angependa kurudi kazini kwangu, na kwamba ada ya mtihani wa mwaka unaofuata nitailipa mimi. Kuhusu ada alisema ahsante. Kuhusu kurudi alitikisa kichwa tu. Kisha akavaa miwani yake akarudi kwenye geti.

Nilikuwa nimetarajia zaidi ya hapo. Njiani nikirudi nilikuwa na kinyongo kidogo, kwa kuwa mimi mzee nimefunga safari na kujidhili, naye hakusema hata "nimekusamehe". Nilifika karibu na nyumbani ndipo nikaona upumbavu wa mawazo hayo. Nilikuwa nimekwenda kulipa deni huku nikitaka nirudishiwe chenji. Msamaha ni mali yake. Akiutoa ni hisani, asipoutoa sina madai.

Siku zilizofuata nilikwenda Gerezani kwa rafiki yangu, nikamweleza ukweli. Kisha nikawa nawaeleza wateja, mmoja mmoja, kila waliponipitia. Wengine walicheka. Mmoja akasema, "Yamekwisha hayo, mzee." Niligundua kwamba uongo nilikuwa nimeusema kwa sentensi moja, lakini ukweli ulihitaji maelezo marefu, na baadhi ya wasikilizaji walikuwa wamekwisha kumsahau kijana mwenyewe, wanakumbuka tu kwamba wapo vijana wanaounguza mota. Hao sikuweza kuwafikia. Kwa hiyo jibu langu kwa swali la mwanzo ni kwamba kurudisha hakutoshi, wala hakuna kitakachotosha. Lakini hilo halimwondolei mtu wajibu wa kulipa kile kinacholipika. Wapo wanaosema maji yakimwagika hayazoleki, wakakaa kitako. Ni kweli hayazoleki. Lakini aliyeyamwaga anaweza angalau kukausha sakafu mwenzake asije akateleza.

Mashine ingali inafanya kazi. Kontakta nilibadili, na ovaloadi ipo kwenye 3.5, nimeitia alama ya rangi nyeupe. Ilipozima mashine mara ya kwanza baada ya hapo, kazi ilikatika na mteja akanuna. Nilisimama nikatafuta sababu mpaka nikaiona: mkanda ulikuwa umekaza mno. Ufunguo wa boksi siuweki tena mfukoni. Unaning'inia kwenye msumari karibu na mlango, mahali ambapo kila anayejifunza kazi kwangu anaufikia, baada ya kumfundisha kukata umeme kwanza. Na kijana akiniambia kwamba kitu kinaguna, naacha ninachokifanya, nakwenda kusikiliza.